Dirisha Moja, Kuta Tatu

Sogeeni, wajukuu. Leo sungura apumzike, nina habari za mafundi wa madirisha.

Msimu wa kahawa hapa Nyakakika mnaujua. Magunia ya maganda yanafika mizanini, karani anasoma uzito na kuuandika kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu. Bati likivuja, ukurasa unalowa na kilo za mtu zinageuka doa. Sasa tuseme mmoja wenu amesomea kompyuta, anataka kuandika programu ya kutunza hesabu hizo, tena iwe huria: yeyote aruhusiwe kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa. Kujumlisha kilo hakutamtoa jasho. Jasho litamtoka kwenye sura, yaani vitufe, visanduku vya kujazia, dirisha zima analoliona karani.

Maana karani ana kompyuta ya Windows, mwalimu anayemsaidia anatumia Linux, na katibu ana simu ya Android tu. Kila mfumo una namna yake ya kuchora kitufe. Ni sawa na fundi aliyeitwa kutia dirisha nyumba tatu: ya matofali, ya miti na udongo, na ya mbao. Achonge fremu tatu, au atafute sanduku la vifaa lenye fremu inayokaa kwenye kuta zote.

Mwaka 1990 huko Norwe, vijana wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakitengeneza programu ya kutunza picha za ultrasaundi, zile wanazopigwa mama wajawazito. Ilitakiwa ikubali kwenye Macintosh, Unix na Windows. Siku moja ya jua wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi, wakaanza kuwaza sanduku moja la kuchorea popote. Mazungumzo hayo yakazaa Qt, iliyotoka hadharani mwaka 1995.

Mwaka uliofuata Mjerumani Matthias Ettrich akaichukua Qt na kuanzisha KDE, sura nzima ya kompyuta za Linux. Watu wakaipenda. Mwiba ulikuwa kwenye masharti: Qt ya wakati ule hukulipia kama unaandika programu huria kwenye Unix, ila hukuruhusiwa kuibadilisha na kuigawa upendavyo. Waulizeni wazee wa mkoa wetu habari za nyarubanja. Migomba ulipanda wewe, ulipalilia wewe, lakini ardhi ilikuwa na mwenyewe, na ulikuwa na cha kumpelekea. Ndivyo waliolalamika walivyoiona Qt, na mimi nasema hawakukosea.

Basi mwaka 1997 Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME kwa sanduku jingine, GTK. Hilo lilichongwa na wanafunzi wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wakiunda GIMP, programu ya kuhariri picha, wakachoshwa na sanduku la kulipia liitwalo Motif. Ushindani ukasaidia. Mwaka 2000 Qt nayo ikatolewa kwa leseni huria ya GPL. Leo VLC mnayotazamia sinema kwenye kompyuta imevaa Qt.

Kwetu nako kuna kisa. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili. Hapo ndipo mtu huona jambo ambalo Mwingereza halioni: neno lake Save, la herufi 4, kwetu ni Hifadhi, herufi 7. Sanduku lililopigilia msumari upana wa kitufe litawaachia “Hifad”. Sanduku zuri linakiacha kitufe kinenepe kufuata neno.

Turudi mizanini. GTK kwa simu ya katibu bado haijakomaa. Electron, sanduku jingine, inabeba kivinjari kizima ndani ya kila programu, na kompyuta kuukuu ya karani itahema. Zinabaki Qt na Flutter, ambayo Google ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2018. Zote mbili zinafika kwenye kuta zetu tatu. Mimi ningeshika Flutter, kwa kuwa ilianzia kwenye simu, na leseni yake ni fupi, haina mitego.

Ukishachora, usimweleze karani kitu. Mkabidhi, kaa pembeni, utazame kidole chake kinakwama wapi. Na kaunta buku msiitupe msimu wa kwanza. Umeme ukikatika gunia likiwa mizanini, mkulima hatasubiri urudi.