Kuhama Mji si Dawa ya Maradhi

Mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, baraza za Mji Mkongwe zilikimbiwa. Baadhi ya wenzetu walifunga virago wakaelekea Fuoni, Kwarara, Tunguu na Fumba. Hoja yao ilikuwa moja: mjini tumebanana, shamba kuna hewa. Dharura ile ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini safari ya kuhamia pembezoni ingali inaendelea.

Hatuwalaumu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ikawakuta 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Mji hauna budi kutanuka. Swali letu ni hili: unatanuka kwa mpango gani?

Historia yatufundisha. Katika miaka ya 1869 na 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika kisiwa hiki. Baadaye, katika enzi ya Seyyid Barghash, maji ya chemchemi yaliletwa mjini kwa mfereji. Hawakuhamishwa watu, yalihamishwa maji.

Leo twafanya kinyume. Mtu hununua kiwanja, akajenga nyumba nzuri, akachimba kisima upande huu na karo ya choo upande ule. Jirani yake naye hupanga apendavyo, hata karo ya huyu ikawa ubavuni mwa kisima cha yule. Na ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, ambayo hayazuii uchafu kuteremka. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari haifiki mlangoni, kwani njia imezibwa na kuta. Je, huyo amekimbia maradhi, au ameyachimbia shimo uani kwake?

Huku nyuma nako, nyumba isiyokaliwa huoza. Sote tuliona sehemu ya Beit al Ajaib ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba, 2020. Mji uliohifadhiwa kwa sifa za dunia hauhifadhiki bila ya wakaazi wake.

Kwa hiyo twawanasihi wahusika wa ardhi, maji na afya wakae kitako pamoja. Kiwanja kisigawiwe kabla ya kuwekwa alama za njia, bomba la maji na mahali pa kituo cha afya. Masheha wawe na daftari la visima na makaro ya shehia zao. Na wananchi nao, kabla ya kutoa fedha, waulize maji yatatoka wapi.

Dini imetufunza tangu zamani kwamba tauni ikiingia katika nchi, aliyemo asitoke na aliye nje asiingie. Hekima yake ni kuwa mja asiwabebee wenzake maradhi. Basi tusiyabebe matatizo ya mjini tukayapeleka shamba, yakawa mawili badala ya moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.