Fahamu: Kamera ya joto humwonaje jangili gizani?

Mwaka 2016, shirika la uhifadhi la WWF lilipeleka kamera za joto Maasai Mara, nchini Kenya, kuwasaidia askari wa doria usiku. Kamera hizi hazihitaji mwanga. Husoma joto la mwili, uwe wa fisi au wa jangili.

Anayechagua kamera ya kununua aanze na kitambuzi: chenye nukta 640 kwa 512 huonyesha umbo bayana kuliko cha 384 kwa 288. Kisha aulize umbali inaoweza kuona. Ule unaotangazwa mara nyingi ni wa kugundua tu kwamba kuna kitu chenye joto. Kujua ni mnyama gani huhitaji kumkaribia zaidi. Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia.

Mvua na ukungu huipunguzia kamera nguvu. Kioo cha gari huiziba, basi teremsha dirisha.