Sindano ya mti: Kipimo cha dawa hutoka kwenye shina, si kwa kukisia

MTI ulioshambuliwa na wadudu waliojificha chini ya gome hauponi kwa kunyunyiziwa dawa majanini pekee. Nchini Marekani, ambako mbawakavu wa kijani kutoka Asia Mashariki aligunduliwa mwaka 2002 katika jimbo la Michigan, na ambaye tangu hapo ameangamiza makumi ya mamilioni ya miti ya eshi, wataalamu hudunga dawa ndani ya shina lenyewe.

Mabuu ya mdudu huyo hula tabaka laini lililo chini ya gome na kukata njia za maji na chakula. Dawa iitwayo emamektini benzoeti hudungwa karibu na mizizi, kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kuzunguka shina, kisha hupandishwa na maji ya mti hadi matawini na majanini.

Kiasi cha dawa hupangwa kwa mililita kwa kila inchi ya kipenyo cha shina. Kipenyo hicho hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani takriban sentimita 137 kutoka ardhini. Fundi huzungusha utepe kwenye shina, hupata mzingo, kisha huugawanya kwa 3.14. Shina lenye mzingo wa sentimita 94 lina kipenyo cha karibu sentimita 30, sawa na inchi 12 hivi.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Anayetumia mzingo badala ya kipenyo hutia dawa zaidi ya mara tatu ya inayotakiwa. Ziada hiyo hupoteza fedha, huweza kuudhuru mti, na kupita kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye lebo ni kuvunja sheria za Marekani.

Kukisia kwa macho nako kuna hasara yake. Shina la kipenyo cha sentimita 60 lina eneo la mkato mara nne ya lile la sentimita 30, na majani ya kulindwa ni mengi zaidi. Kwa sababu hiyo, lebo za baadhi ya dawa huongeza kiasi kwa kila inchi mti unapokuwa mnene. Dawa ikipungua, mabuu husalia.

Aidha, kipimo sahihi hakifai kitu iwapo maji hayapandi. Sindano hufaa baada ya majani kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Mti uliopoteza zaidi ya nusu ya majani yake kwa kawaida hauokoleki, kwa kuwa njia za kupitishia dawa zimekwisha kukatwa.

Kinga ya dawa hiyo hudumu miaka miwili hadi mitatu. Zamu nyingine inapowadia, shina hupimwa upya, kwa kuwa mti uliopona huwa umenenepa na kipimo cha zamani hakiutoshi tena.