Jeevanjee: Mkandarasi Aliyeacha Bustani

Reli ya kisasa ipitayo Soga na Ruvu mkoani Pwani, kama reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilihitaji mkandarasi, yaani mtu au kampuni inayopokea kazi kwa bei na muda uliokubaliwa, kisha kutafuta vibarua, zana na posho. Upande wa Waingereza, katika nchi jirani ya Kenya, aliyetajirika kwa kazi hiyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee, Mhindi wa madhehebu ya Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856 na kufika Mombasa mwaka 1890.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, Jeevanjee alipata mikataba ya kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi, kuwapatia chakula, kupasua miamba na kujenga vituo. Nayo ilipofika Nairobi mwaka 1899, palipokuwa kinamasi, alijenga soko, maduka na nyumba, nyingine akaipangisha serikali yenyewe. Sifa yake haitajwi kwa haki pasipo kuwataja Wahindi wapatao 32,000 walioajiriwa katika reli nzima, ambao kati yao karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi na ajali, na hawakumbukwi kwa majina kama anavyokumbukwa yeye.

Fedha hazikumpatia usawa, kwa kuwa ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu. Mwaka 1901 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, akaliuza mwaka 1905, na leo ndilo The Standard la Kenya. Mwaka 1910 alikuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo alipinga ubaguzi kwa ujasiri, ingawa madai yake yaliwahusu zaidi Wahindi wenzake kuliko Waafrika, wenye ardhi hiyo.

Alifariki mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Bustani aliyoutolea mji wa Nairobi mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria, ilinusurika mwaka 1991 pale bintiye na mjukuu wake, Zarina Patel, walipoongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga maghorofa hapo. Sanamu iliangushwa mwaka 2015, lakini mabenchi bado hujaa mchana, wahubiri wakipaza sauti chini ya miti, na kando yao wananchi wa kawaida wakijadili siasa katika baraza waliloliita wenyewe Bunge la Mwananchi.