Ansible: Kompyuta moja inapoamuru seva mia

FUNDI mwenye dhamana ya seva 50 hulazimika, kila programu inapopata toleo jipya, kuingia katika seva moja baada ya nyingine na kuandika amri zile zile mara 50. Kazi hiyo humaliza siku nzima, na haikosi seva moja itakayosahaulika.

Adha ya namna hiyo ndiyo inayoondolewa na Ansible, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2012 na Mmarekani Michael DeHaan. Kampuni iliyokuwa ikiiendeleza ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2015, nayo Red Hat ikaingia mikononi mwa IBM mwaka 2019.

Upekee wake ni kwamba huwekwa katika kompyuta moja tu, ile inayoongoza. Seva zinazoongozwa, kama ni za Linux, huhitaji Python pamoja na SSH, njia salama ya mawasiliano iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake.

Kompyuta ya kuongoza yapaswa kuwa ya Linux au macOS. Mwenye Windows hana budi kuweka kwanza WSL, yaani Linux inayofanya kazi ndani ya Windows. Ikiwa Python na pipx zimo, hutosha kuandika:

pipx install --include-deps ansible

Baada ya hapo fundi huandika faili lenye majina ya seva zake, kisha hutengeneza jozi ya funguo za SSH: ule wa siri hubaki kwake, wa wazi hupelekwa katika kila seva. Amri ya "ansible all -m ping", ikielekezwa kwenye faili hilo, huonyesha kama njia imefunguka. Seva iliyofikika hujibu "pong".

Kazi zenyewe huandikwa katika faili la YAML, ambamo nafasi moja ikikosewa mwanzoni mwa mstari, faili zima laweza kukataliwa. Hapo wengi hupoteza saa nyingi kuliko katika kuiweka programu yenyewe.

Hata hivyo, wepesi huo una upande wa pili. Anayeupata ule ufunguo wa siri amezipata seva zote. Julai 2021, wahalifu walipenya katika VSA, programu ya kampuni ya Kaseya inayosimamia kompyuta kutoka mbali, wakaitumia kusambaza kirusi kinachofunga mafaili hadi malipo yatolewe. VSA si ya aina moja na Ansible, lakini nguvu iliyogeuzwa silaha ni ile ile. Maduka ya Coop nchini Sweden, yapatayo 800, yalifungwa kwa sababu mashine za malipo ziligoma, ingawa Coop haikuwa mteja wa moja kwa moja wa Kaseya. Wahalifu walidai dola milioni 70.

Kwa hiyo ufunguo wa siri sharti uwe na neno la siri lake, na kompyuta ya kuongoza isiwe ile ile ya kufungulia barua pepe. Maneno ya siri yanayotumika katika kazi hufichwa kwa Ansible Vault. Kwa kazi mpya, neno "--check" huonyesha kwa sehemu kubwa yatakayobadilika bila kuyabadilisha, na "--limit" huifunga kazi hiyo kwenye seva moja ya majaribio kabla ya kuzigusa nyingine 49.