Askari Anapohema Kilimani, Apimwe Damu

Apandaye kilima cha Kibagabaga kwa miguu, wilayani Gasabo, hufika juu akihema. Hilo si ajabu, maana Kigali iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini askari ambaye mwaka jana alikipanda mbio, na mwaka huu anasimama njiani moyo ukimdunda, asihukumiwe upesi kuwa ni mvivu. Tunawaomba maafande wanaoongoza mazoezi kwamba, kabla ya kumwadhibu, wampeleke akapimwe damu.

Madini ya chuma ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa safi. Yakipungua, hemoglobini nayo hushuka. Mwanamume mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Kwa wakazi wa milimani kama sisi, vipimo hivyo huongezwa kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa Rwanda wa 2019-20 ulionyesha upungufu huo kwa wanawake 13 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Basi askari wa kike wana haki ya kusikilizwa wanaposema wamechoka.

Imezuka tabia ya wagonjwa kudai dripu, wakidhani kwamba kidonge ni tiba ya kumfukuza mtu hospitalini. Sivyo. Vidonge ndivyo huanza, navyo huwatosha wengi, mradi visimezwe kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Katika mabwalo yetu chai haikosekani, na hapo ndipo dawa nyingi hupotelea.

Wapo hata hivyo ambao vidonge huwachafua tumbo wasiweze kuendelea navyo, au ambao ini lao, kwa sababu ya ugonjwa wa muda mrefu, hutoa kwa wingi kichocheo kiitwacho hepsidini, kinachofunga mlango wa chuma utumboni. Kwao daktari huweza kuagiza chuma kipitie mshipani. Dawa hiyo ina rangi ya kahawia iliyokoza. Si damu, wala haiwezi kushika nafasi ya damu kwa majeruhi anayevuja. Baadhi ya aina zake huingiza miligramu 1,000 kwa dakika 15 au zaidi. Nyingine hugawanywa kwa siku kadhaa. Mgonjwa huangaliwa kwa nusu saa baadaye, kwa kuwa wachache hupatwa na mzio mkali. Kwa hiyo kazi hii ni ya hospitali, haifai kufanyiwa chumbani na rafiki mwenye sindano. Wajawazito hawapewi katika miezi mitatu ya kwanza.

Tusiitukuze dripu kupita kiasi. Nchini Malawi ililinganishwa na vidonge kwa wajawazito, na matokeo yaliyotangazwa 2023 hayakuonyesha kwamba ilishinda waziwazi katika kupunguza upungufu wa damu kabla ya kujifungua. Na chakula nacho kina nguvu: huko Huye, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walilishwa maharage yaliyozalishwa yawe na chuma kingi kwa siku 128, na hali yao ya chuma ikapanda, kama ilivyochapishwa 2016.

Jambo linalotushughulisha zaidi ni mahali chuma kinapopotelea. Askari aliyeumia goti hutafuna dawa za maumivu miezi mingi bila kumwambia daktari, tumbo likaota vidonda, damu ikavuja kidogo kidogo asiione. Mwingine ana safura. Hata yule anayejitolea damu, jambo la kusifiwa, hutoa miligramu 200 hadi 250 za chuma kwa chupa moja. Mtu wa namna hiyo akitiwa dripu bila chanzo kutafutwa, atarudi pale pale. Kwa hiyo amweleze daktari dawa zote anazotumia, aseme kama choo chake ni cheusi, na baada ya tiba arudi kwa siku aliyopangiwa, kipimo cha hemoglobini kirudiwe.