Mwendo wa Watoto na Wazee

Mlio na Biblia karibu, fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Hapo Yakobo amekutana na Esau nduguye baada ya miaka mingi. Wamekumbatiana, wamelia, na sasa Esau ataka waondoke pamoja, yeye akiwa mbele na watu wake mia nne. Yakobo akataa kwa adabu. Amweleza ndugu yake kwamba ana watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha, na kwamba wakikimbizwa siku moja tu watakufa. Yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo ule wanaouweza wao.

Maneno haya tumeyasoma tangu shule ya Jumapili. Lakini hatukuyasikia hasa mpaka tulipokuwa katika jangwa la Marekani, ndani ya gari la kukodi, na mama yetu mzee amekaa kiti cha nyuma.

Kijana wetu anafanya kazi katika jimbo la Arizona, naye alitualika mwezi wa Juni tukamwone pamoja na familia yake. Tulikuwa watu wanane: mama yetu mwenye miaka 79, ambaye watoto wote humwita Nyanya, sisi wazazi wawili, kijana na mkewe, na wajukuu watatu, wa mwisho akiwa na miaka minne. Kijana alikuwa ameandika safari yote katika karatasi. Hifadhi za taifa sita kwa siku saba: Grand Canyon, Bryce Canyon, Zion, Capitol Reef, Arches na Canyonlands. Kila moja ilikuwa na saa yake ya kufika na saa yake ya kuondoka. Tulimsifu kwa mpango mzuri. Hakuna aliyemwuliza Nyanya.

Yafaa tuwaeleze kidogo nchi ile ilivyo. Ni uwanda wa juu, mkavu, wa mawe mekundu, na mto Colorado umeukata kama kisu kikatavyo mkate. Mahali palipokatwa zaidi ndipo panapoitwa Grand Canyon, korongo lenye urefu wa kilomita 446 ukifuata mto, na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukisimama ukingoni waona tabaka juu ya tabaka, jeupe, jekundu, la kijivu, na chini kabisa mto ambao kwa macho ni kama uzi. Wataalamu wa mawe husema kwamba tabaka la juu lina umri wa miaka milioni 270 hivi, na mawe meusi ya chini zaidi ya milioni 1,700. Kutoka ukingo wa kusini mpaka wa kaskazini ni kama kilomita 16 kwa ndege wa angani. Kwa gari ni kama kilomita 350, maana hapana budi kulizunguka korongo.

Tena korongo ni mlima uliogeuzwa. Apandaye Mlima Kenya huanza kwa taabu, na akichoka hugeuka, akateremka. Ashukaye korongoni huanza kwa raha, asubuhi, kukiwa na ubaridi, miguu ikimpeleka yenyewe. Kumbe kila hatua anaingia katika joto, kwa kuwa chini kule joto hupita la ukingoni kwa karibu digrii 11 za Selsiasi. Akichoka, ndipo mlima unapoanza. Kwa hiyo walinzi wa hifadhi huwaonya watu, hata vijana wenye nguvu, wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi siku hiyo hiyo. Nao hufundisha kwamba kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka.

Karatasi yetu ilitupa saa mbili mahali hapo. Kijana na mwanawe mkubwa wakashuka kidogo tu, wakarudi wamechelewa dakika arobaini, kwa sababu hiyo hiyo ya kupanda. Basi tukaondoka kwa haraka ili tuzilipe zile dakika. Watoto wakaambiwa hakuna kusimama mpaka mji wa Page, zaidi ya kilomita mia mbili mbele. Lilisemwa kwa watoto, lakini katika gari moja neno husikiwa na wote.

Njia ile hupita katika nchi ya watu wa kabila la Navajo, vilima vya rangi ya kutu na majivu, nyumba moja moja mbali na barabara, mti hakuna. Nyanya alikuwa kimya. Tulidhani anaomba, maana ndiyo desturi yake garini. Kisha akamwita mke wa kijana wetu kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki tukiwa wadogo. Akamwuliza kama ng'ombe wamerudi. Tulipomshika mkono, ngozi ilikuwa kavu kama karatasi.

Hatuna haja ya kueleza sana habari ya mwendo uliobaki. Tulifika zahanati katika mji uliokuwa mbele, wakampokea vizuri, wakamwekea maji mshipani. Muuguzi alimwuliza amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, nasi tukatafsiri.

“Kikombe kimoja cha chai,” Nyanya akajibu.

“Kwa nini, mama?”

“Nikinywa nitataka kwenda msalani, na hawa wana haraka. Sikutaka kuwachelewesha.”

Kijana wetu alitoka nje akasimama kando ya gari. Ndani ya gari lile mlikuwa na chupa 24 za maji. Zilikuwa chini ya miguu ya Nyanya.

Muuguzi alitueleza jambo ambalo twapenda kila msikilizaji alishike. Hewa ya jangwani ni kavu mno, hata jasho hukauka kabla ya kulowesha nguo. Mtu wa Mombasa hujua anapoteza maji kwa kuwa shati lake limelowa. Jangwani shati hubaki kavu nawe unakauka pamoja nalo. Gari lenye kupoza hewa huzidi kukudanganya, kwa sababu huoni hata joto. Na mtu akizeeka, kiu chenyewe hupungua: mwili wahitaji maji lakini haupigi kelele kama zamani. Tena baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama zile anazotumia mama yetu, huyatoa maji mwilini. Kwa hiyo mzee hangojwi mpaka aseme ana kiu. Hupewa kidogo kidogo, mara kwa mara, na pamoja na maji apewe chakula chenye chumvi, maana kunywa maji mengi matupu bila kula nako kuna hatari yake. Kwa mtu mzima anayetembea nje katika jangwa lile, hushauriwa kuweka akiba ya karibu lita nne kwa siku. Hata hivyo, mwenye maradhi ya moyo au ya figo na afuate neno la daktari wake.

Usiku ule, Nyanya amelala, tulifungua Biblia kwa aibu. Hakuna aliyemnyima mama yetu maji. Tulichomnyima ni kusimama.

Tukaona katika Kutoka sura ya 10 kwamba Farao alikuwa radhi kuwaruhusu Waisraeli waende jangwani, ila wanaume peke yao. Ni mpango mwepesi: wanaume hutembea haraka. Musa alikuwa amekwisha kumjibu kwamba watakwenda na vijana wao na wazee wao, wana na binti, hata na mifugo. Kisha tukarudi kwa Yakobo, tukaona jambo ambalo hatukuwahi kuliangalia. Sura ya 33 hufuata sura ya 32. Yakobo anayemwambia Esau habari ya mwendo wa polepole ni yule aliyeshindana usiku kucha kando ya kijito cha Yaboki, akateguka uvungu wa paja. Alifika kwa ndugu yake akichechemea. Alitaja watoto na wanyama, wala hakuutaja mguu wake. Wako wahubiri wasemao kwamba ulikuwa udhuru tu, kwa kuwa hakumfuata Esau mpaka Seiri bali alikwenda Sukothi. Huenda. Lakini sisi tuliokuwa na mzee asiyetaja mguu wake, hatukuweza kulisoma hivyo.

Nanyi mnaosikiliza mnajua kwamba jambo hili si la Marekani. Ni mama wangapi hukataa chai asubuhi ya safari, kabla ya kupanda basi kwenda Kisumu au Mombasa? Husema wameshiba. Wanaosafiri kutoka Isiolo kwenda Marsabit, na kuendelea katika jangwa la Chalbi mpaka Ziwa Turkana, wana wazee garini pia, na jua la huko halina urafiki kuliko la Arizona.

Asubuhi kijana wetu alileta ile karatasi, akakata hifadhi nne kwa kalamu. Ikabaki Zion, ambayo haikuwa mbali. Tulikaa Page siku mbili tukipumzika, na mjukuu mkubwa alinung'unika, hata leo bado hunung'unika kidogo kuhusu Arches. Tukaweka pia sheria moja: gari litasimama kila saa moja, aombe mtu au asiombe. Neno hilo la “asiombe” ndilo lililokuwa la maana, kwa sababu mwenye haya haombi. Mjukuu wa miaka minne akapewa kazi ya kumshikia Nyanya kikombe, naye alikuwa mkali kuliko muuguzi. Hakuridhika mpaka aone chini ya kikombe.

Tuliingia Zion kutoka mashariki, kwa njia ya shimo refu lililotobolewa ndani ya jabali, karibu kilomita mbili, lililomalizika mwaka 1930. Watu wa kabila la Paiute waliishi katika nchi ile zamani, kabla ya wahamiaji wa Kizungu. Jina la Sayuni lilitolewa na mmoja wa wahamiaji hao katika miaka ya 1860, na mwaka 1916 mhubiri wa Kimethodisti, Frederick Fisher, aliyapa majabali kadhaa majina ya Kibiblia. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi bondeni sehemu kubwa ya mwaka. Hupanda basi la hifadhi, unashuka utakapo na kungoja lijalo. Kwa wazee hakuna mpango bora kuliko huo.

Kituo kimoja huitwa kwa jina la Mababa. Kutoka hapo waona vilele vitatu vya mawe, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na huyo Yakobo amefichwa nusu nyuma ya mlima mwingine ulio mbele yake. Nyanya alikaa kwenye ukuta mdogo wa mawe, tukamwonyesha mmoja mmoja. Akavitazama muda mrefu.

“Na Sara? Na Rebeka?” akauliza. “Wao wamewekwa wapi?”

Hatukuwa na jibu. Basi likaja, watu wakapanda, dereva akatutazama. Tukampungia mkono aende zake, kwa maana Nyanya alikuwa hajamaliza maji yake, na mtoto alikuwa bado ameshika kikombe.